Core i7 ya laki mbili na nusu kutoka Paje: usitume arubuni kwanza

Waalaykumu ssalaam mdogo wangu. Nimekuelewa: uko Wete, unakaribia kuanza masomo chuo kikuu cha SUZA, na umeona tangazo la laptop ya Dell yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i7, daraja la juu ya i5 na i3, kwa laki mbili na nusu. Muuzaji anasema yuko Paje, mashine kaachiwa na mzungu aliyerudi kwao, na anataka arubuni ya laki moja leo hii ili aiwahishe boti ya kesho. Unauliza kama ni mtu wa kweli.

Usitume hata shilingi. Huenda mashine ipo, huenda haipo, lakini kwa njia anayoitaka yeye hutojua mpaka hela imeshakutoka.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini Unguja, Mlandege, na laptop zilizonunuliwa kwenye matangazo ya mtandaoni nazipokea sana, nyingi zikiwa zimeshalipiwa na mwenyewe hana pa kurudi. Katika yote nitakayokwambia, kubwa ni hili: mpe muuzaji kazi inayochukua muda, uone anaipokeaje. Mwenye mashine kweli atanung'unika lakini ataifanya, kwa sababu anataka kuuza. Tapeli atakwambia kuna mtu mwengine yuko njiani na hela mkononi.

Hiyo hadithi ya mzungu inapendwa kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wageni wa Paje na Nungwi huuza vitu vyao wakiondoka, hilo lipo. Ila angalia inavyomsaidia muuzaji: bei ya chini inapata sababu, risiti inakosekana bila kuulizwa, na mwenye mali hapatikani tena. Muulize mzungu huyo alikuwa wa wapi, kisha muombe picha ya kibodi. Kibodi ya Kijerumani ina Z na Y zimebadilishana nafasi, ya Kifaransa herufi zake za mwanzo ni A, Z, E, R, T, Y. Kibodi ya kawaida peke yake haithibitishi uongo, lakini utaona kama anajibu au anakasirika.

Kwa kuwa ni Dell, unaweza kufanya jambo kubwa ukiwa hapo hapo Wete. Mwambie aigeuze mashine akupigie picha ya chini. Kuna namba inaitwa "Service Tag", ni herufi na tarakimu saba. Iingize kwenye tovuti ya msaada ya Dell wenyewe, si kiungo atakachokutumia yeye. Utaona ni mfano gani, ilitoka kiwandani lini, na ilitoka na vifaa gani. RAM na diski watu hubadilisha, lakini prosesa ya laptop nyingi za miaka hii imechomelewa kwenye bodi. Kiwanda kikisema i5 na tangazo likasema i7, umeshapata jibu bila kupanda boti. Akikataa kukupa namba hiyo kwa kisingizio chochote, achana naye.

Picha za tangazo zipitishe Google Lens, inayotafuta picha hiyo imetokea wapi kwengine mtandaoni. Ukizikuta kwenye tangazo la nchi nyengine la zamani, mazungumzo yamekwisha. Kisha akupigie simu ya vidio, mashine ikiwa imezimwa, aiwashe ukiangalia, na juu ya kibodi pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo.

Na wewe mtu wa Pemba hukosi mjomba au binamu Darajani. Mtume yeye akaione. Wakutane mchana, mahali penye watu na umeme, kwa mfano pale Michenzani Mall, na hela ilipwe hapo hapo baada ya ukaguzi. Mzigo wa kwenda Pemba ataupeleka bandari ya Malindi jamaa yako mwenyewe. Boksi linalopakiwa na muuzaji usiyemjua nimeshaliona likifunguliwa ndani mna kibodi kuukuu na vipande vya marumaru ili uzito ulingane.

Wakati wa kulipa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Lisome. Kama ulikuwa unaongea na mwanamme na jina limetokea la mwanamke, usikubali maelezo ya "hiyo ni laini ya mke wangu".

Sasa tuseme mashine ipo kweli. Hapo ndipo watu wengi zaidi wanapoliwa, kwa ninavyoona mezani kwangu, maana wakishaishika wanaona wamesalimika. Mama mmoja wa Kiwani alimnunulia mwanawe HP ProBook, akaambiwa ni i7. Stika ya i7 inang'aa, na hapo hapo pembeni, pale panapolazwa viganja, rangi imeshalika yote. Nilipitisha ukucha kwenye ukingo wa stika, gundi ikatoka ikiwa bado laini. Kwenye Windows, sehemu ya maelezo ya kompyuta, imeandikwa i7 vizuri kabisa. Nikaizima, nikaiwasha huku nabonyeza F10 kuingia BIOS, ile programu ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows: Core i3, kizazi cha nne, yaani toleo la zamani. Jina lile la kwenye Windows husomwa kutoka sehemu ya rejista (daftari la mipangilio ya Windows) inayoandikwa upya kila mashine inapowaka, kwa hiyo waliweka kiprogramu kidogo kinachoamka pamoja na Windows na kulibandika jina la uongo kila mara. Nilipokiondoa, i3 ikajitokeza. Yule mama alilipa bei ya i7, na nilishindwa hata kumtazama usoni nikimweleza.

Kwa hiyo aaminiwe BIOS, si stika wala Windows. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa ThinkPad ni F1. Ukiingia, tazama mambo mawili zaidi. Kama inadai nywila na muuzaji haijui, usinunue. Kwenye mashine za maofisini, kutoa kile kibetri cha saa hakufuti nywila hiyo, na mtu akikwambia fundi ataitoa kwa elfu kumi anakudanganya. La pili, tafuta neno "Absolute" au "Computrace", ni ulinzi wa kampuni dhidi ya wizi. Likiwa limewashwa kabisa, kampuni iliyokuwa nayo inaweza kuifunga mashine ikiwa mbali, hata wewe ukiwa umeshaandika nusu ya utafiti wako.

MacBook, laptop ya Apple, ndiyo usiiguse kabisa mpaka mwenyewe aondoe akaunti yake mbele yako na aifute. Ikishajifunga kwa akaunti ya mtu, mimi sina dawa yake.

Betri ni rahisi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ikiwa ilizaliwa na 45,000 na sasa inashika 18,000, hiyo imebaki asilimia 40, na bei ishuke kwa kiasi cha betri mpya.

Kuhusu kizazi: Windows 10 ilimalizika msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Wauzaji huilazimisha kwenye mashine za zamani, inawaka, lakini Microsoft haizitambui mashine hizo. Namba kama i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita.

Tena huku kwetu tazama chumvi. Mashine iliyokaa hoteli ya ufukweni ina kutu kwenye skrubu za chini na ukijani ndani ya matundu ya USB. Ukiviona hivyo viwili pamoja, huenda na bodi imeshaanza kuliwa.

Mkikubaliana, muandikiane karatasi: jina kamili, namba ya Zan ID, shehia anayokaa, namba ya mashine, bei na mashahidi wawili. Mwizi hataki kuitaja shehia yake, kwa sababu sheha, kiongozi wa mtaa, anajulikana, na mtu anatafutwa kupitia kwake akapatikana. Na ukikamatwa na mali ya wizi, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kama kuna hela umeshatuma kabla ya kuuliza hapa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, usisubiri asubuhi, waombe waizuie. Meseji ya tapeli pamoja na namba yake ipeleke 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli, na usifute mazungumzo, polisi watayataka. La kama hujatuma, muombe hiyo Service Tag leo. Akikupa, iandike hapa nikusomee kilichomo.