"Smoking" ni suti au sigara?

Umeuliza kama neno la kukopa hubaki na maana ileile Ulaya nzima. Wapi! Chukua "smoking". Kwa Mwingereza ni kuvuta sigara, lakini Ufaransa, Ujerumani, Italia na Poland ni suti ya jioni, ile ya kuvaa na tai ya kipepeo. Chanzo ni koti la wavuta tumbaku, ila Waingereza wenyewe suti hiyo wanaiita jina jingine kabisa.

Sarufi nayo kila mtu na yake. Mwitaliano anasema "lo smoking", wingi "gli smoking". Neno lenyewe haligusi. Mjerumani anaongeza s: "Smokings". Mpolandi analibadilisha mwisho kama la kwao, "w smokingu", yaani akiwa kavaa suti hiyo. Mhispania ndiye kiboko, kaliandika upya: "esmoquin", wingi "esmóquines".