Jibu: Harusi Dunga saa tisa alasiri, mwezi wa nne? Ngoja kwanza

Eti simu yako inasema mvua siku ya harusi ni asilimia ishirini? Nani amekuambia uangalie hiyo asilimia? Umeuliza programu gani ya simu ya hali ya hewa inaaminika, tenti ya watu mia tatu hukodishwa pesa ngapi, na kama kuanza saa tisa alasiri pale Dunga, kando ya Ziwa Victoria, ni sawa. Nilipofika kwa saa tisa niliweka chai chini.

Mimi hukodisha tenti hapa Kisumu. Hiyo ishirini yako ndiyo niliyoonyeshwa na mpangaji mmoja wa sherehe, kajua ka manjano kamechorwa kwenye simu yake. "Ishirini si kitu, wewe funga kazi." Nikafunga. Tenti kubwa upande wa Nyamasaria, kuta tatu zimeshushwa kwa sababu ya vumbi, upande wa mashariki umeachwa wazi kwa amri yake ili picha zitoke na milima ya Nandi kwa nyuma. Yaani tulishona gunia, tukaelekeza mdomo wake kule upepo wa dhoruba unakotokea.

Saa kumi kasoro MC anaita mashangazi walete zawadi. Vibendera vya mapambo, ambavyo mchana kutwa vilipeperushwa na upepo wa ziwa kuelekea milimani, vikalala. Baada ya muda vikageuka vikaelekea ziwani, na hewa ikawa ya kutafuta sweta. Tone hakuna. Vijana wangu wakanitazama. Yule mpangaji akasema tusiharibu picha, tungoje mvua ndiyo tushushe ukuta uliobaki. Mvua! Vigingi vya mashariki viling'oka vyote kwa mpigo, nguzo ya katikati ikapinda, turubai likachanika kutoka kona hadi kona. Watu walitoka wazima, Mungu asifiwe. Keki ya ngazi tano sikuiona tena. Nadhani kuna samaki wa Dunga, ngege, aliyenenepa siku hiyo. Matone ya kwanza yalituangukia tukiwa tayari tunaokota viti. Ukijumlisha turubai, nguzo na spika za DJ nilizoambiwa nilipe nusu, leo ningekuwa naendesha Probox. Haya, cheka, nimezoea.

Na yule bwana wa ishirini? Alipiga picha za mabaki, akaziweka Facebook na machozi mengi, halafu akanijia eti simu haikudanganya, kwani mvua yenyewe ilikuwa haba! Ndugu yangu, ishirini ni uwezekano wa mvua kunyesha mahali pale. Juu ya upepo haisemi hata neno. Tena programu hizo hukokotoa hali ya hewa kwa miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, na wingu la radi lina uwezo wa kupita ndani ya mraba mmoja, mtaa wa Mamboleo ukaloa chapachapa na mtaa wa Kondele watu wanaanika nguo.

Sikia inavyokuwa. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, kwa hivyo upepo wa ziwa huingia bara. Kule Nandi na Kericho hukutana na upepo wa mashariki, na hewa ikikosa pa kupita hupanda juu ikawa mawingu. Wakulima wa chai wanaijua vizuri mvua ya mawe ya saa hizo. Kuanzia alasiri mawingu hayo husukumwa kuja kwetu juu ya nyanda za Kano. Mvua ikianguka kutoka huko juu, matone mengine hugeuka mvuke njiani na kuipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka, ikigonga ardhi inatawanyika. Huo ndio upepo unaotangulia mvua, pengine kwa kilomita nyingi. Na ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake kwenye turubai ni mara nne. (Usiku mambo hugeuka, mawingu hujijenga juu ya ziwa lenyewe, lakini hiyo ni shida ya wavuvi.)

Kwa hivyo mwezi wa nne, saa nane mchana watu wawe wameshakula na keki imeshakatwa. Weka mtu mmoja asiyekunywa, kazi yake iwe kutazama mashariki tu. Akiona mawingu ya Nandi yamesimama marefu na vichwa vimetanuka, wageni waingie kwenye jengo la mawe wakati upepo wa ziwa bado unavuma. Upepo huo ukitulia, umechelewa. Ukisikia radi usiwaambie watu wasogee chini ya tenti, zile nguzo ni chuma.

Halafu soma tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa. Kukiwa na upepo mkali huandika wazi: zaidi ya noti 25 (kipimo cha kasi ya upepo, si pesa), yaani kama kilomita 46 kwa saa. Ukiiona hiyo usiku wa kuamkia harusi, usinipigie simu kunibembeleza, mimi sifungi.

Bei ya tenti tutaongea, si hoja sasa. Kama kadi hazijachapwa, andika saa nne asubuhi. Kama zimechapwa, kalamu nyeusi inatosha.