Sistimu mpya hospitalini: maswali yenu kuhusu kutesti

Kuratibu testi za sistimu za kompyuta za hospitali ndio kazi yangu ya kila siku hapa Malindi, na maswali yamekuwa mengi, kwa hivyo leo najibu matano.

Mimi ni nesi huku Lamu. Tumeambiwa tutesti sistimu mpya na wodi imejaa. Kwani hiyo si kazi ya mafundi?

Dada yangu, pole na kazi. Fundi anajua kama batani inafanya kazi, lakini wodi inavyokwenda unaijua wewe. Kuna siku nilikaa karibu na nesi mmoja anatesti, mgonjwa wa kutunga, mtoto, dozi inayofuata saa mbili usiku, akaandika 2:00 kama anavyosema mdomoni, sistimu ikapokea kimya kimya, na kwa sistimu hiyo 2:00 ni saa nane usiku. Masaa sita mtoto hajapata dawa! Fundi alishaijaribu skrini ile ile mara nyingi ikapita, maana yeye anaandika 20:00 bila hata kufikiri. Ombeni mtu awashikie zamu masaa mawili, msitesti kwa kuiba dakika za chai.

Fundi wetu anataka kunakili data ya wagonjwa wa kweli ili testi iwe ya kweli. Ni sawa?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na sistimu ya testi inafunguliwa na kila mtu. Na huku kwetu pwani, ukitaja jina la baba na mtaa mtu ameshajulikana. Tungeni wagonjwa, lakini sio "Test Test", watungeni wanaofanana na watu wetu: Fatma, Fatuma na Fatima, Mohamed na Muhammad, mapacha, bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, mtoto wa siku tatu ambaye jina atapewa siku ya saba. Halafu muone kama mapokezi wanampata au wanamfungulia faili ya pili, maana faili zikiwa mbili, aleji ya penisilini inabaki kwenye moja tu.

Tuko dispensari kisiwa cha Pate, netiweki inakuja na kuondoka. Tutesti vipi?

Hapo hapo kwenu, sio mjini kwenye waifai ya ofisi, mratibu apande boti aje. Zimeni netiweki katikati ya kusevu, ikirudi muangalie kama dawa imetoka kwenye stoku mara moja au mbili. Stima nayo mzime.

Mimi ndio mratibu. Testa wananitumia makosa kwa WhatsApp na nishapoteza hesabu.

Fungua shiti moja, na kosa lisiloandikwa humo halihesabiki. Kila mstari useme nani, skrini gani, alifanya nini hatua kwa hatua, alitarajia nini akaona nini, na picha ya skrini. Akikuandikia "haifanyi kazi" mrudishie kwa upole. Ukishapanga hivyo uliza kila kosa, hili linaweza kumdhuru mgonjwa? Neno lililoandikwa vibaya lingoje, lakini mtoto wa kilo 8 akiandikwa 80 na sistimu ikakubali, parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo inatoka 120 inakuwa 1200, hilo ni jekundu, yaani la hatari. Na ukiambiwa "lilitokea mara moja tu" usilifute, ndugu yangu. Mashine ya mionzi Therac-25 iliwapiga watu sita mionzi kupita kiasi kati ya 1985 na 1987, na kosa moja kwenye programu yake lilikuwa linatokea tu pale mwendeshaji anaporekebisha haraka haraka kwenye kibodi, likaja kushikwa baada ya mwendeshaji na mwanafizikia wa hospitali moja Texas kurudia na kurudia mpaka wakalifanya litokee tena.

Bosi anataka tuanze Jumatatu, na makosa matatu mekundu hayajafungwa.

Usitie sahihi kwamba sistimu iko tayari. Mpelekee hayo matatu kwa maneno ya wodini, sio namba za makosa, na daktari au nesi mkuu awe amekaa hapo anasikia. Akishikilia, muanze na mapokezi peke yake, famasi ibaki kwenye karatasi mpaka testa aliyeliona kila kosa alijaribu tena mwenyewe na kulifunga.