Simu Ilikatika: Je, Mungu Amesema Ndiyo au Hapana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 29, nimeokoka. Nimepata kazi nzuri katika mji mwingine, mbali na nyumbani, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ila ninaishi na mama, naye ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu mara 2 kwa wiki. Nimefunga siku 3 nikimwomba Mungu anionyeshe mapenzi yake. Nikaweka ishara: kama anataka niende, mwajiri anipigie kabla ya Ijumaa. Alhamisi jioni simu ikaita, nikaona ni namba yao, nikapokea, ikakatika kabla mtu hajasema neno. Hawakupiga tena. Je, hiyo ni ndiyo au hapana? Kuna mtumishi amenitabiria kwamba Mungu ananifungulia mlango. Lakini nikiomba, siku nyingine napata amani, siku nyingine sipati. Naogopa kutoka nje ya mapenzi ya Mungu.

JIBU: Asifiwe sana, binti yangu. Nianze na hiyo simu, maana naona ndiyo inayokusumbua. Simu iliyokatika ni simu iliyokatika. Mtandao hukatika, salio huisha. Sikucheki. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliwahi kumwambia Mungu, kama jambo fulani ni lako, mvua inyeshe kabla ya jioni. Ikanyesha, nikashangilia. Nilichosahau kumwambia mtu ni kwamba ulikuwa msimu wa mvua na mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshaamua, nilichotafuta ni mhuri tu.

Tunaoweka ishara hupenda kujificha nyuma ya Gideoni, aliyetandika ngozi ya kondoo na kumwomba Mungu ailoweshe kwa umande iwe ishara. Lakini soma tena Waamuzi 6, taratibu. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya, waziwazi, kabla ya ngozi kutajwa. Hata anapoomba ile ishara anasema "kama ulivyonena". Hakuwa anatafuta kujua mapenzi ya Mungu. Aliyajua, akawa anaogopa. Na alipoomba mara ya pili alianza kwa kumsihi Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia, na anatuvumilia sisi pia, lakini uvumilivu wake usiufanye kuwa kanuni ya kufanyia maamuzi.

Amani na mlango uliofunguka ndivyo vinavyopoteza waumini wengi, na hapa naomba tukae kidogo. Mfuate nabii Yona katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Ameambiwa aende Ninawi, anataka Tarshishi, anashuka Yafa. Anakuta nini? Merikebu ipo, inakwenda kule kule anakotaka, nafasi ipo, na nauli anayo mfukoni. Kama angesimama kutoa ushuhuda siku ile, angesema Mungu amemfungulia mlango, na ibada nzima ingesema amina. Kisha akashuka chini merikebuni, akalala usingizi, dhoruba inavuma, mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake. Alikuwa na mlango, na utulivu alikuwa nao. Alikuwa anamkimbia Mungu.

Sasa nenda Gethsemane, usiku Yesu alipokamatwa. Yule aliyekuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba hakuwa na usingizi wala utulivu. Luka anasema alikuwa katika dhiki, jasho lake likawa kama matone ya damu. Waliolala ni wanafunzi. Basi mtu akikuambia "ukikosa amani ujue si Mungu", muulize angemshauri nini Bwana wetu usiku ule. Hisia zako za asubuhi na jioni zinaweza kuwa uchovu, njaa ya kufunga, au hofu ya kawaida ya kwenda mahali pageni. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeishi karne ya 16, alishauri kwamba roho ikiwa imekauka na kugubikwa na giza, mtu asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na nuru. Si mtu wa dhehebu langu, lakini kwa hili namkubali.

Kuhusu unabii uliopewa, Paulo anasema tusiutweze, na papo hapo anasema tujaribu mambo yote. Katika Matendo 21, nabii Agabo alitabiri kwamba Paulo atafungwa Yerusalemu. Wote waliamini. Ndugu wakaona maana yake ni asiende. Paulo akaona maana yake ni ajiandae, akaenda. Hata unabii wa kweli haukumwondolea mtu kazi ya kuamua. Na huyo mtumishi wako, je, anajua habari za mama yako?

Unasema unaogopa kutoka nje ya mapenzi ya Mungu, kana kwamba ni uzi mwembamba uliofungwa juu ya shimo, ukikosea hatua moja umekwisha. Maandiko hayasemi hivyo. Kumbukumbu la Torati 29:29 inagawa mambo mawili: ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu. Yaliyofunuliwa yana majina kabisa. Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao, na tena kwamba washukuru kwa kila jambo. Ndani ya hayo kuna uwanja mpana. Mjane anaambiwa katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Hakuambiwa afunge mpaka aonyeshwe jina. Paulo mwenyewe alijaribu kwenda Bithinia, Roho akamzuia, akashika njia nyingine. Hakuna mahali alipokemewa kwa kujaribu. Hata alipoona katika maono ya usiku mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie, Luka anaandika kwa nafsi ya wingi: tulitaka kutoka, tukiona hakika kwamba Mungu ametuita. Maono yalikuwa ya mmoja, uamuzi ukawa wa kundi. Halafu huko Makedonia walipigwa viboko na kutiwa gerezani, kwa hiyo usipime kwa ulaini wa safari.

Kwa hiyo kazi hii si dhambi, na kubaki si dhambi. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna kitu sikukiona. Umemtaja mwajiri, umemtaja mtumishi, umeitaja simu. Mama yako anasema nini? Sijaona mahali ulipomuuliza, na wala sioni kama anajua.

Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliomwambia mzazi, "kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani", yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Walitumia jina la Mungu kuikwepa amri ya Mungu. Sisemi wewe ndivyo ulivyo. Huenda mshahara wa kazi hiyo ndio utakaolipia matibabu yake, na kwenda kukawa ndiyo heshima yenyewe. Huenda yuko ndugu wa kukaa naye. Huenda hayupo. Hayo hayajulikani kwa kufunga, yanajulikana kwa kuuliza. Nani atampeleka hospitali siku zile mbili? Nani atakuwa naye usiku anaporudi amechoka? Hospitali ya huko uendako inasafisha damu, na je, mama yuko tayari kuhama nawe? Mwajiri anaweza kukusogezea tarehe ya kuanza?

Usiweke ishara nyingine. Leo jioni kaa na mama, umsomee barua ya kazi neno kwa neno, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Kesho waite ndugu zako, pamoja na mzee mmoja wa kanisa anayewajua ninyi wote wawili. Na hao waliokupigia Alhamisi, wapigie wewe uwaulize walikuwa wanataka kusema nini.