Ruta ya nyumbani inakatika kila jioni: ninunue ipi kwa 150,000?

Swali: Fundi, habari za kazi. Napanga nyumba ya vyumba vitatu hapa Kansanga, Kampala, na tuna intaneti ya faiba. Ruta tuliyowekewa ipo sebuleni nyuma ya televisheni. Kila jioni waifai inakatika mara tatu, mara nne, na kwenye chumba cha mwisho anakosomea mwanangu haifiki kabisa. Nimetenga shilingi 150,000. Mjini wananiambia ninunue ya antena sita. Niwasikilize? *Mama wa watoto wawili*

Jibu: Nzuri, dada, na pole. Hizo pesa usizitoe bado. Kukatika sebuleni ni ugonjwa mmoja, kutofika chumbani ni mwingine, na huenda mmoja wao hauhitaji ruta mpya.

Leo jioni ikikatika, usikimbilie kuizima na kuiwasha. Tazama taa kwanza. Zikizimika zote kwa pamoja kisha zikarudi moja moja, ruta imejizima yenyewe, na wa kushukiwa ni umeme. Zikibaki zinawaka ila ile iliyoandikwa LOS ikawa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku cha kampuni. Hiyo ni kazi ya kampuni, wapigie, na usinunue chochote. Taa zikiwa sawa zote, chomeka kompyuta kwa waya. Kompyuta ikipata intaneti huku simu hazipati, hapo ndipo tatizo ni waifai yenyewe.

Nimetanguliza umeme kwa sababu ulinifundisha kwa gharama ya mtu mwingine. Katika nyumba moja ya Ntinda nilibadilisha ruta mara mbili kabla sijagusa adapta, ile chaja yake ya ukutani, na mpaka leo inaniuma, maana mwenye nyumba alilipa zote mbili. Nilipoishika hatimaye, ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Niliipima ikiwa peke yake, mita ikasoma volti 12 kamili. Nikaichomeka kwenye ruta, ikashuka hadi 9, na kila watoto walipowasha simu zao taa zilififia, ruta ikaanza upya. Mchana nyumba ikiwa tupu haikusumbua. Jioni watu wakirudi, ruta inafanya kazi zaidi, inavuta umeme zaidi, na adapta iliyochoka inashindwa. Ulivyoeleza hali yako, mimi ningeanza hapo.

Adapta ni bei ndogo sana ukilinganisha na ruta. Volti zilingane kabisa na zilizoandikwa chini ya ruta. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue kamwe. Angalia pia mchoro mdogo wa alama za kujumlisha na kutoa ulingane, na pini iingie bila kulegea.

Sasa chumba cha mtoto. Televisheni ina bati na waya nyingi, na ruta iliyojificha nyuma yake inapiga mawimbi ukutani. Itoe, iweke juu ya kabati mahali pa wazi. Uifanye taratibu, kwani waya wa faiba ndani yake ni kioo: ukiukunja kona kali, umeukata. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na neno la siri viko kwenye kibandiko chake), tafuta masafa ya gigahezi 2.4, uchague chaneli ya 1, 6 au 11. Hizo tatu tu ndizo haziingiliani. Upana wa chaneli weka megahezi 20. Penye nyumba zilizobanana kila jirani ana ruta yake, na jioni zote zinasema kwa pamoja.

Baada ya hayo kama chumba bado ni kikavu, nunua. Antena zisikupumbaze. Idadi yake haikuambii chochote kuhusu ukuta wa tofali na mlango wa chuma uliopo kati ya sebule na mtoto. Tafuta ruta yenye masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, ya kizazi cha waifai kiitwacho AC. Kizazi hicho kilitoka 2013, kwa hiyo zilizotumika zinapatikana kwa bei nafuu, na kwa masomo na video za nyumbani kinatosha. AX, kizazi kilichofuata, ni nzuri zaidi, lakini kwa bajeti yako nisingeikimbilia. Vile vifaa vidogo vya kurudia mawimbi ningekushauri uviache: watu huvichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, navyo vinarudia udhaifu ule ule.

Ruta ya kampuni ibaki hapo juu ya kabati. Vuta waya wa mtandao kutoka kwayo juu ya dari hadi chumbani, uuchomeke kwenye ruta mpya, na kwenye mipangilio yake uchague hali ya “Access Point”, yaani itoe waifai tu. Kama haina hali hiyo, ipe anwani tofauti na ile ya kwanza, zima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), na waya uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), usiwe la WAN (la kuingizia intaneti). Ukizipa zote mbili jina moja la waifai na neno la siri moja, simu zitahama zenyewe mtu akitembea. Waya huo unafika mita 100, nyumba yako haitaumaliza. Lakini kwaruza ncha yake kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hukatika upesi. Mwambie muuzaji akupe wa shaba tupu.

Ukinunua iliyotumika, usiondoke dukani kabla haijawashwa mbele yako. Bonyeza kitufe cha kuirudisha upya, unganisha simu yako, ingia kwenye mipangilio. Ikikataa neno la siri lililo kwenye kibandiko, au ikikuonyesha ukurasa wa kampuni ya simu uliofungwa, irudishe mezani uombe nyingine. Na adapta yake iache iwake dakika kumi hivi mkiendelea kuzungumza bei, kisha iguse.