Kikundi usiache, uhazini acha

Dada wa Kayole, Nairobi, unasema wiki nzima uko kazini Industrial Area, Jumamosi unazibua mitaro na kikundi ambacho wewe ndiye mhazini wake, na mzee wako, yaani mumeo, analalamika hakuoni; sasa unauliza kama uache kikundi. Kwa hilo namuunga mkono kidogo. Kikundi usiache, ila uhazini mwachie mwingine: kinachokula jioni zako ni kile kitabu cha michango na kufuatilia wadaiwa, si koleo. Mitaro yenyewe saa nne asubuhi mshamaliza. Mvua ya masika ikikaribia, Machi hivi, hapo wanakuhitaji kweli. Mwambie mzee mapema, si Ijumaa usiku ukitafuta gambuti. Na mwenyekiti akipiga saa tatu usiku, usishike. Aandike WhatsApp, utamjibu asubuhi ukiwa ndani ya matatu.