Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Ndogo ya Mezani

SWALI: Ndugu Mshauri, nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex 9020, ile ya kasha jembamba, niliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini. Ina prosesa ya Core i5-4590 na RAM ya gigabaiti 8. Mimi na wadogo zangu tungependa kucheza gemu ya GTA V, lakini picha inakatakata hata nikishusha ubora wote. Fundi mmoja wa hapa Mwanjelwa ameniambia nitafute kadi ya grafiki ya GTX 1060 na kwamba itaingia bila shida. Je, ni kweli? Kama si hiyo, ninunue ipi? — Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji wa Uyole, tafadhali usinunue GTX 1060. Ni kadi nzuri, tena kwa kasi inazipita karibu zote nitakazozitaja hapa chini, ila kompyuta yako haiwezi kuibeba. Inahitaji wati 120, ilhali sloti (tundu refu la kadi) ya ubao mama hutoa wati 75 na si zaidi, kwa hiyo zinazobaki ni lazima zipite kwenye kebo ya ziada itokayo moja kwa moja kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya kasha jembamba la 9020 ni ya wati 255 na kebo hiyo haina. Kuibadilisha nako si rahisi, kwa sababu Dell waliipa umbo lake na plagi zake wenyewe, na pawa saplai za kawaida zinazouzwa madukani hazikai humo. Zipo adapta zinazochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuugeuza uwe wa kadi. Nakusihi sana usiziguse. Plagi ya SATA imekusudiwa kupitisha takribani wati 54 kwenye volti 12, na ukiilazimisha kubeba zaidi ya hapo plastiki yake huyeyuka na inaweza kushika moto.

Katika makasha haya, kwa hiyo, hesabu ya wati hutangulia hesabu ya kasi. Prosesa yako imepimwa wati 84. Ukiongeza kadi ya wati 75, kisha wati 40 hivi kwa ajili ya ubao mama, RAM, diski na feni, unafika karibu 200, na hapo pawa saplai ya 255 inafanya kazi bila kuhemewa. Kadi unayoitafuta ni ile inayopata umeme wake wote kwenye sloti, isiyo na tundu la kebo juu yake.

Jambo la pili ni nafasi. Kasha lako linapokea kadi za kimo kifupi pekee, na kadi hizo hufungwa kwa bamba fupi la chuma ambalo mara nyingi hupotea kadi ikishapita mikononi mwa watu wawili au watatu. Muulize muuzaji kama bamba lipo kabla ya kutoa fedha. Fungua mfuniko pia, uangalie sloti ndefu iko upande gani. Katika baadhi ya makasha membamba sloti hiyo imebanana na pawa saplai, kiasi kwamba kadi nene yenye upana wa sloti mbili haiingii hata ukiisukuma. Chukua rula, upime urefu na unene, uandike, uende dukani na vipimo hivyo mkononi.

Sasa kadi zenyewe. Iliyozoeleka zaidi ni GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, ambayo ilitoka mwaka 2016 na inatosha kabisa kwa GTA V katika skrini ya 1920 kwa 1080. Hata hivyo, NVIDIA, waliobuni kadi hiyo, walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva (programu zinazoendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi hicho, na kuanzia hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa sababu hiyo, ukipata GTX 1650 ya kimo kifupi, ambayo ni ya mwaka 2019 na haizidi wati 75, mimi ningeichukua hiyo hata kama itakubidi usubiri miezi miwili ukijazia fedha. Kama nafasi yako ni ya sloti moja tu, ipo RX 6400 ya wati 53, ingawa kadi hiyo hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubao mama, na katika ubao wenye sloti ya kizazi cha tatu kama wako hupoteza sehemu ya kasi yake. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 kwa wati 70, ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi, lakini prosesa yako ya mwaka 2014 itaiacha ikisubiri, na fedha hizo zingekufaa zaidi kwingine. Kuhusu GT 1030, iepuke isipokuwa umekosa kabisa. Na ukilazimika kuichukua, hakikisha kumbukumbu yake ni ya aina ya GDDR5, kwa kuwa ile ya DDR4 hupitisha gigabaiti 16.8 kwa sekunde badala ya 48, na jina kwenye boksi ni lile lile.

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Kadi za zamani kama GTS 450 hubadilishwa programu yake ya ndani na kuuzwa kama 1050 Ti. Ikiwa unaagiza Dar es Salaam na mzigo unakuja kwa basi, mwombe muuzaji akutumie picha ya GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, ikiwa wazi kwenye kadi hiyo hiyo. Programu hiyo huandika wazi pale inapotambua kadi bandia. Asiyekubali, achana naye.

Kabla ya kufunga kadi, safisha vumbi la kiangazi lililojaa kwenye feni na ubadilishe pasta ya prosesa, ile inayopitisha joto. Mbeya ipo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya pwani. Baridi ya Juni na Julai hutusaidia, lakini haisaidii kasha lililoziba. Ongeza pia RAM ifike gigabaiti 16, kwa vijiti viwili vinavyolingana.

SWALI: Nina ThinkCentre M910q, ile ndogo kabisa ya kufungwa nyuma ya skrini. Naweza kuiwekea kadi ya grafiki? — Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana. Haina sloti ya kadi, na umeme wake unatoka kwenye adapta ya nje kama ya laptopu. Grafiki yake ya ndani hukopa RAM ya kompyuta, kwa hiyo kama una kijiti kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Tofauti utaiona kwenye gemu nyepesi. Zaidi ya hapo, anza kuweka akiba ya kompyuta nyingine.

SWALI: Nimefunga GTX 1050 Ti, feni inazunguka, lakini skrini haionyeshi kitu. Skrini yangu ni ya plagi ya zamani ya VGA. — Msomaji, Iringa

JIBU: Kadi za NVIDIA kuanzia kizazi hicho hazitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo adapta nyepesi ya DVI kwenda VGA, isiyo na saketi ndani, haitafanya kazi hata ikiwa pini zinaingia. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye saketi ya kugeuza mawimbi, uichomeke kwenye kadi na si kwenye tundu la zamani la ubao mama. Skrini ikiendelea kuwa nyeusi, chomoa kadi, washa kompyuta kwa grafiki ya ndani, uweke toleo jipya la BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha uirudishe kadi. Wakati wa kuweka BIOS, tumia UPS, yaani betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unaweza usiwake tena.